Nyumba Iliyopangwa Kama Lori

Wenzake walimwita Itafaa, na jina lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Kazi yake ilikuwa kupanga mizigo kwenye lori la kuhamisha watu nyumba. Wengine walibeba, yeye alisimama ndani ya lori akielekeza: meza ipinduliwe, miguu juu, katikati ya miguu ikae sufuria, ndani ya sufuria viingie vikombe, na kila kikombe kimezeshwe soksi. Hakuacha upenyo wa kupitisha kidole, wala hakuwahi kuvunja hata kisosi.

Sasa, watu wanaohama hupatwa na ukarimu wa ghafla. Kitu walichokilinda miaka na miaka, siku ya kuhama hukitazama kama mgeni aliyekataa kuondoka. "Fundi, hiki hukitaki?" Naye hukizungusha, akakipiga kofi dogo la mapenzi, akasema, "Itafaa."

Ndivyo vilivyofika kwake birika lisilo na mfuniko, mifuniko isiyotosha birika lolote, kioo chenye ufa kilichompa kila mtu pua mbili, na kiti cha daktari wa meno.

"Kiti cha daktari wa meno?" Mkewe, mwalimu wa chekechea, alishika kiuno.

"Kinapanda na kushuka, mama watoto."

"Na nani humu ndani ana haja ya kupanda na kushuka?"

"Itafaa tu."

Vyote viliishia chumba cha nyuma, vimepangwa kwa ustadi uleule wa kazini, toka sakafuni hadi darini. Aliyechungulia alidhani ameona ukuta.

Itafaa alilelewa na dada yake mkubwa, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Waliishi chumba kimoja chenye misumari miwili ukutani: mmoja wa gauni la dada, mmoja wa shati la mdogo wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kabati lao. Sasa dada alikuwa mtu mzima, anaishi peke yake juu ya ngazi ndefu, na magoti yamemchoka. Itafaa alimbembeleza aje kukaa nao. Alikataa, akakataa tena, mpaka siku moja akasema, "Haya, nitakuja. Lakini nikiona nawabana, nageuka. Na nikigeuka, usinifuate."

Itafaa alimjua. Dada hakuwa mtu wa kugeuka mara mbili.

"Basi chumba cha nyuma kitolewe vitu," mkewe alisema.

"Hakitoki kitu. Nitampatia nafasi."

"Nafasi ya dada, au upenyo wa kupitisha bahasha?"

"Mke wangu, hiyo ndiyo kazi yangu!"

Jumapili nzima alisukuma, akainua, akafunga kamba. Jioni, katikati ya shehena, pengo lilikuwa limefunguka, na ndani yake kitanda kimetandikwa shuka safi. Mkewe aliduwaa. "Kazi nzuri, siwezi kukunyima," alisema. "Ila umepanga kama watu wanaosafiri." Itafaa alisikia lile neno la kwanza tu.

Dada akaja na begi moja. Akasimama mlangoni pa chumba.

"Tunahamia wapi?"

"Hatuhami, dada."

"Mbona mmeshapakia?"

Aliingia kiubavuubavu, akajilaza, akajaribu kunyoosha mikono. Kiwiko kimoja kikagonga kiti cha daktari, kingine kikagonga beseni la kuogeshea mtoto ambaye sasa alikuwa na ndevu. Akatulia akitazama masanduku juu yake.

"Mdogo wangu, na mimi umeshanifunga kamba, au bado?"

Wote wakacheka. Kisha dada akainuka, akashika begi lake. "Nimeona. Chai nitakunywa kwangu."

Alikuwa tayari ameshika fremu ya mlango wa nje, goti moja likitafuta namna ya kushuka kizingiti. Itafaa alimtazama yule aliyemtundikia shati maisha yake yote ya utoto. Chumba kizima cha vitu vitakavyofaa, na mtu amekosa pa kuweka kiwiko.

"Dada, kaa kidogo tu. Nishushe mzigo."

"Nikae wapi?"

Alikitoa kiti cha daktari wa meno hadi uani, akamkalisha, akampandisha juu kabisa ili aone vizuri. Dada alikaa pale kama hakimu. Itafaa akaanza kushusha.

"Hicho kilifaa lini?" dada aliuliza kila kitu kilipotoka.

"Bado kidogo tu kingefaa, dada."

"Mpe jirani."

Majirani hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alizunguka kiti akikikagua. "Huyu mama akishuka tu," alimnong'oneza Itafaa, "mimi nakibeba."

"Nimekusikia," alisema dada kutoka juu. "Utanishusha taratibu."

Kiti kilipovuka barabara, chumba kilikuwa kitupu. "Kumbe kina dirisha!" mkewe alishangaa. Itafaa alipigilia msumari kwa ajili ya gauni la dada, akachukua wa pili.

"Acha," dada alimwambia. "Ukiupiga huo, kesho utatafuta cha kuutundikia."

Mkewe naye akaweka sheria yake: kitu chochote cha bure kilale kwanza kwenye lori mpaka Jumamosi. Siku hiyo Itafaa atakitaja bila kuchungulia, aseme na kazi yake. Akikisahau, hakiingii.

Jumamosi ilipofika, alikuna kichwa. "Kuna… kuna kitu cha mviringo."

"Cha kufanyia nini?"

"Ni mviringo tu, lakini kizuri."

Kicheko cha dada kilitokea chumba cha nyuma.

Juzi, mama mmoja aliyekuwa akihama alimpa kigoda kizima, kizuri hasa. Itafaa alikizungusha, akakipiga kofi dogo. Dereva, ambaye injini yake ilishanguruma, alichungulia dirishani. "Haya, sema neno lako twende!"

Itafaa alimkumbuka dada alivyolala mchana ule chumba kilipobaki kitupu, mikono ameitawanya huku na huku, hagusi kitu.

"Ahsante, mama," alisema, akakirudisha chini. "Chumba kina mtu."