Kompyuta yangu ya kwanza ilipakwa mawese kabla sijaionjesha umeme (Kasulu, miaka ya 90)

Wakuu, heshima kwenu.

Kompyuta yangu ya kwanza ilipakwa mawese, kipande kwa kipande, kabla sijaiwasha hata mara moja. Sitii chumvi. Aliyepaka yupo hai, na leo nikimsomea uzi huu atacheka.

Nirudi nyuma.

Miaka ya tisini, nilikuwa naishi Kasulu na mama yangu. Shemeji Elia, mume wa dada, alikuwa dereva wa lori la kupeleka vyakula kwenye kambi za wakimbizi huko Kibondo. Ofisi moja ikatupa kompyuta zake kuukuu, naye akaokota vipande: kasha, motherboard, power supply, RAM, hard disk, kioo na keyboard. Akaniletea kwenye gunia.

Akasema mbele ya mama, "Shemeji, nikipita tena kwenda Kigoma nikute inawaka. Isipowaka naibeba. Kuna mtu Ujiji anaitaka."

Niliitaka ile mashine kuliko baiskeli.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha kuazima, nacho kilisema usiguse kitu kabla ya kuandaa vifaa. Nikatii.

Nikatafuta meza isiyoyumba. Vizibo vya soda vya kutenganishia skrubu. Brashi mpya ya rangi kwa ajili ya vumbi. Spirit, ile ya kuwashia karabai.

Sweta langu la nailoni nikaliweka kando, maana lina umeme wake mdogo unaoua vipande hivi. (Mliokulia kule juu mnazijua asubuhi zetu za baridi. Kuvua sweta si jambo dogo.)

Ikabaki bisibisi ya nyota. Ya fundi baiskeli ilikuwa nene, inakula vichwa vya skrubu. Ndogo alikuwa nayo fundi redio wa Kibondo, nikapanda gari kumfuata.

Akanipa, akaniasa: "Kabla hujagusa chochote, shika chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Na yale meno ya dhahabu ya RAM usiyatie vidole."

Kurudi, mvua ikatukamata, gari likazama kwenye tope, tukalala njiani.

Nafika nyumbani, mama amekaa mbele ya meza yangu. Mkono mmoja unyoya wa kuku, mwingine kopo la mawese. Vipande vyote vinang'aa kama migebuka ya ziwani iliyotoka kukaangwa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimekutunzia. Mvua yote hii, chuma kilale bila mafuta? Jembe lenyewe linaliwa na kutu, sembuse hivi vichuma vyenu vyembamba."

"Hivi havipakwi mafuta, mama!"

"Mana yanje, Mungu wangu! Sasa mbona hukusema?"

Kwa wasiojua: kwetu masika, chuma kinachopumzika hupakwa mawese, tena kwa unyoya, ili mafuta yaingie kwenye kona. Mama alifanya kazi safi kabisa. Hata meno ya RAM hakuyaruka.

Tukaanza kuosha kwa spirit, mswaki na vitambaa. Nilitaka kumpumzisha, akaninyang'anya mswaki. "Lete. Niliyepaka ndiye nitakayetoa."

Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho lori la Elia likapiga honi nje.

Umeme ulikuwa kwa Mzee Shabani, mwenye banda la video na jenereta, tukaibeba wote watatu mpaka huko. Akatukubalia, lakini kwa sharti: "Kijana, ikilipuka hapa, hawa wateja wangu utawamalizia picha kwa mdomo."

Nikawasha.

Feni ikazunguka. Power supply ilipopata joto, harufu ya mawese ikajaa banda zima. Mtu wa nyuma akauliza, "Nani anakaanga?"

Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi. Kioo kikaamka, namba zikapanda, kisha ikaandika kwamba inaomba diski ya kuwashia.

Hard disk ilikuwa tupu, na diski hiyo sikuwa nayo. Katika maandalizi yangu yote, sikuwa hata nimeiwaza.

Elia akainama karibu na kioo. "Sasa hii tuseme imewaka au haijawaka?"

Mama ndiye aliyesema, "Imeongea, baba. Mgonjwa anayeomba chakula hajafa."

Elia akacheka mpaka akashika ukuta. Akapanda lori lake, gunia akaniachia. Safari iliyofuata akarudi na diski kutoka Kigoma, na kwa mashine hiyo niliwachapia watu barua miaka mingi.

Nilichojifunza: andaa bisibisi, spirit na vizibo, lakini fikiria pia mashine itakula nini ikishaamka. Na watu wa nyumbani waambie unachofanya. Watakusaidia tu, hata usipowaomba.

Ila kuna jambo moja halijaisha. Elia hajawahi kutamka kwamba alinipa. Ile mashine bado ninayo, imekufa zamani, na kila akija anagonga kasha lake na kuuliza, "Mashine yangu haijambo?"

Nami humjibu, "Mashine yangu haijambo, shemeji."

Wakuu, nyie mngesema ni ya nani?