Jicho Moja la Bibi Zaituni

Nikiwa bado mtoto, pale Kamembe, mji wa mpakani na Kongo, niliamini kwamba wafu wanaweza kumfumba mtu macho. Bibi ndiye aliyeniambia. Alisema mtu akiona maiti imelala wazi, akapita bila kuifunika hata kwa jani moja, yule aliyekufa atakuja kuyafunika macho ya huyo mpita njia asione tena. Ndiyo maana sikuweza kupita kando ya mbwa aliyekufa njiani bila kuchuma jani na kumtupia. Ilikuwa miaka mibaya. Kulipokuwa na vita Bukavu, ng'ambo ya mpaka, milio ya bunduki tuliisikia kutoka uani kwetu, na vitu vya kutupiwa majani havikukosekana.

Bibi Zaituni mwenyewe alikuwa kipofu. Mboni zake zilikuwa nyeupe kama maziwa, naye alitambua mwanga na giza tu. Ukungu ulianza kumwingia mwaka uliofuata mauaji ya kimbari, ukazidi polepole hadi akawa anatujua kwa sauti. Tuliishi naye mimi, mdogo wangu Saidi, na Mama, aliyekaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mbele ya nyumba na kuwauzia wapita njia. Mjomba Hamisi, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa amevukia Kongo pamoja na waliokimbia. Mama alimtumia salamu kwa wafanyabiashara wa mpakani: arudi, nyumba yao ipo.

Kila msimu wa mvua alikuja dada mmoja, Konsolata. Mama yake, Verediana, alikuwa fundi cherehani, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na aliuawa katika mauaji yale. Mwili wake haukupatikana. Konsolata alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna aliyeona alikotupwa. Kwetu alikaa mkekani, akanywa chai, akauliza tena lile lile.

"Mutoto wangu, mimi sioni," Bibi alimjibu. "Nitakuonyesha nini?"

Konsolata aliondoka bila kubisha. Nani angebishana na kipofu?

Siku moja gari lilipita mtaani na kipaza sauti. Madaktari wa macho wamefika hospitali, lilitangaza, na wazee wa mjini wasio na uwezo watapasuliwa bure. Mama aliacha kikaango akaingia ndani mbio.

"Maman, umesikia? Ni bure!"

"Nimesikia. Siendi."

"Unaogopa kisu?"

"Benye kunifunga macho banajua sababu yao. Uniache."

Mama alimbembeleza, akamletea majirani wa kumsihi, akakasirika, akalia. Wazee wenzake wa msikitini wakajiandikisha, yeye akabaki kwenye mkeka wake. Mimi nilimwona Bibi ana haki. Niliwaogopa hao wafu kuliko kisu chochote.

Kilichombadili ni mguu wa Saidi. Asubuhi moja Bibi alikuwa akipapasa njia kwenda uani, akakikumba kikaango, mafuta ya moto yakamwagikia mtoto kutoka gotini hadi unyayoni. Nakumbuka ile sauti. Si kelele za Saidi, maana aliishiwa pumzi, bali za Bibi, aliyekuwa akizungukazunguka uani akiuliza, "Nani? Ni nani nimemuchoma?" Sote tulikuwa tumemwinamia mtoto.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha sikukuu akasimama mlangoni.

"Munipeleke."

Hospitali ilijaa wazee. Wengine walitoka vijijini, Gashonga na Nyakarenzo, ingawa tangazo lilikuwa la watu wa mjini. Walikaa chini kwenye korido wakiomba angalau watazamwe. Muuguzi alipita na kurunzi akimulika jicho moja moja. Mzee aliyekaa karibu nasi aliambiwa kwamba ugonjwa wake ni mwingine, presha ya jicho, na amechelewa, hakuna la kufanya. Alishukuru kwa adabu. Kisha akaendelea kukaa palepale kwenye foleni, kana kwamba ataitwa. Tulipoondoka alikuwa bado yupo.

Bibi alipomulikwa, muuguzi alisema, "Huyu ni mtoto wa jicho. Inatoka."

"Nani aliniwekea?" Bibi aliuliza.

"Hakuna muntu, Maman. Ni uzee tu. Inakamata batu wengi."

"Uzee tu?"

"Uzee tu."

Muuguzi alidhani amempa habari njema. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bibi, nikausikia ukilegea.

Walimpasua jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, wazee wengine wodini walikuwa wakicheka na kupiga vigelegele, mmoja akitaka aonyeshwe kioo. Bibi aliniangalia, akanigusa shavu, akasema nimerefuka. Nyumbani aliomba aletewe Saidi, akautazama mguu wake muda mrefu. Halafu akamwambia Mama, "Uniitie Konsolata."

Tulishuka mteremko unaoelekea ziwani, Bibi mbele, nyuma yake Konsolata, kisha Mama na mimi. Miti mingi ilikuwa imekatwa, na mara mbili Bibi alisimama akitafuta njia. Mwishowe alifika kwenye migomba nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa.

"Ni hapa. Kulikuwa shimo. Nilikuwa nimetoka kuchota maji, nikaona."

Konsolata hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Ni nani alimuua?"

"Maman, usiseme," Mama alinong'ona. Nadhani alikuwa amekisia sekunde ile ile.

"Hamisi," Bibi alisema. "Mutoto wangu. Yeye na wengine. Aliniona, na mimi nikamuona. Nikarudi na ndoo yangu."

Mama aliketi chini kwenye udongo.

Walichimba wiki hiyo hiyo. Konsolata alilijua gauni, kwa sababu mama yake alilishona mwenyewe. Tulienda mazishini, tukasimama nyuma, na hakuna aliyetusogelea. Konsolata hakuja kwetu tena, wala sikuwahi kumsikia akitushukuru. Mjomba alipelekewa habari hizo na wale wale waliokuwa wakimpelekea salamu, na tangu hapo hatukupata jibu. Wengine walisema alifia msituni huko Kongo, upande wa Shabunda. Mama alimhudumia Bibi hadi mwisho, akimwogesha na kumlisha, lakini hakumwita Maman tena. Na madaktari waliporudi kwa ajili ya jicho la kushoto, Bibi alisema moja linatosha.

Siku hizi situpi majani. Najua kilichokuwa machoni pa Bibi, na najua kinatoka kwa muda mfupi tu, mzee akibahatika kufikiwa kabla hajachelewa. Watu wa mtaani wanaokumbuka husema alifanya jambo la kishujaa, na mimi huwaacha waseme. Nilimpenda. Lakini nikiwa peke yangu humwona Konsolata kwenye mkeka wetu, kikombe cha chai mkononi, akiuliza. Tanuri la matofali kila mtu alilijua. Migomba kila mtu aliijua. Kumwambia hakukuhitaji macho.