Sare za Kwenda Midrand

Asubuhi ya kwenda Midrand kwenye kongamano la familia zinazosomesha watoto nyumbani, mama mkwe wangu alitoka chumbani na sare alizoshona mwenyewe: mashati meupe na kaptura za buluu. Alikuwa ametoka Tanga kututembelea hapa ugenini, mtaa wa Rosettenville, na alishasema wazi kwamba asipoona shule ya kueleweka, ataondoka na wajukuu wake wawili.

"Mama, wanaosoma nyumbani hawavai sare," nilimweleza taratibu. "Sebule ndiyo darasa."

"Ndiyo maana mnasoma na kandambili. Shule gani haina sare?"

Mwanangu mkubwa alikunja uso. "Eish, Bibi, watatucheka!"

"Wacheke."

Nikaona sare moja imezidi, tena kubwa. Nikauliza ni ya nani.

"Ya baba yao. Jana nimemsikia akimuuliza mtoto namna ya kujumlisha sehemu."

Mume wangu hakubisha. Aliingia chumbani, akatoka amevaa kaptura, magoti nje, shati amechomekea. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi," alisema akijifuta machozi, "kama baba mzima amekubali kuwa mwanafunzi, hii ni shule. Wajukuu wabaki. Ila wewe mwanangu, Tanga usije hivyo."