Mkeka wa Kwenda Wenje

Mama aliporudi kutoka hospitali ya Mombasa, alikotibiwa moyo, miguu yake iliyokuwa imevimba ilikuwa imenywea, na ile pumzi aliyokuwa akiitafuta kila alipolala ilikuwa imerudi. Nilimshika mkono kwenye pantoni ya Garsen, nilikokwenda kumpokea, nikajiambia, amepona. Dresa, yule mhudumu wa zahanati yetu, akatupa masharti: vidonge kila siku, asile chumvi, asishike jembe wala mchi, na asishtuliwe. Nikamwuliza, "Kwani amepona au hajapona?" Akasema, "Anaendelea." Mpaka leo sijalielewa jibu lile.

Hilo la kutomshtua ndilo lililotutia matatani. Mama akiwa bado wodini, dada yake mkubwa alifariki huko Wenje, nasi tukamzika bila yeye. Mjomba, mdogo wao, alituketisha kabla lori halijamleta mgonjwa. "Dada mmoja nimezika," alisema. "Wa pili sitaki nimzike kwa sababu ya mdomo wa mtu." Tukakubali sote, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mjomba hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Chumvi yote aliitoa nyumbani, ati mama asije akaitamani, tukawa tunatafuna samaki chapwa, watu wazima na afya zetu. Kila mtumbwi ulioteremka mto kutoka upande wa Wenje, yeye alikuwa ukingoni kuupokea, akiwafunza abiria la kusema kabla hawajapanda kijijini: dada wa Wenje hajambo, anasalimu sana, maji yakipungua atakuja. Wageni waliingia kumwona mgonjwa, wakayasema hayo huku wanatazama paa.

Mama alikuwa mwanamke wa konde na kinu. Sasa alikaa barazani, mikono mapajani. Tulimnyang'anya hata ufagio. Akisimama tu, kuna mtu wa kumwuliza anakwenda wapi. Ugonjwa ulikuwa umepungua, kila mtu aliona, lakini na mama mwenyewe alikuwa akipungua. Hakusema, hakucheka, chakula alikigusa akakisukuma. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Dresa? Mjomba? Au moyo wenyewe, uliotibiwa ukakataa kufurahi?

Siku moja akaniomba miyaa. "Nimsukie dada mkeka," alisema. "Hawezi kuja aondoke mikono mitupu."

Dresa hakuwa amekataza miyaa, basi nikamletea. Alisuka ukili asubuhi, akasuka alasiri, nami nikimsaidia. Miyaa mingine aliitia rangi nyekundu, kwa sababu dada yake alipenda nyekundu. Haikuchukua muda akaanza kunitania: "Ukili wako huu kama njia ya kiboko, umepinda kila mahali." Akaanza kula, hata kile chakula chetu cha adhabu. Mjomba akatamba, "Mnaona? Siri imemponya." Nami niliona, nikazidi kuchanganyikiwa. Aliyekuwa akimwinua mama kitandani kila asubuhi ni mtu tuliyekwisha kumzika. Nikisema, nitamuua. Nisiposema, mkeka utaisha, na baada ya hapo? Nikawa nachelewa makusudi kumletea miyaa.

Ukaisha hata hivyo. Mama alikuwa akikata ncha za mwisho kwa kisu aliposema, "Maji yamepungua, na dada haji. Basi nitakwenda mimi. Mwambie mjomba wako atafute mtumbwi. Nitakaa tu, kafi sitaligusa."

Nilifungua kinywa niseme mitumbwi hakuna, niseme mto una mamba, niseme lolote. Likatoka lile jingine.

"Mama, mama mkubwa hayupo. Alifariki ulipokuwa hospitali."

Kisu kilianguka. Alijishika kifua, nami nikamrukia kumshika. "Niache," alisema, akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho nyumba yetu haikuwa imelia kwa kuogopa asikie. Nilikaa pale nikingoja moyo wake usimame, na niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Haukusimama. Alilia mpaka akachoka, akajipangusa kwa leso, akauliza:

"Alilazwa kwenye mkeka gani?"

Katika ukoo wetu mkeka wa maiti hutolewa na ndugu wa kike, na ndugu wa kike alikuwa yeye peke yake.

"Wa kuazima," nikasema.

Aliinuka bila kushikwa, akautandika ule mkeka mwekundu sakafuni, akaketi juu yake akanyoosha miguu, kama wakaavyo wafiwa.

Mjomba alirudi kutoka kondeni akamkuta hivyo. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Nani amemwambia? Mnataka kumuua?"

"Ndugu yangu," mama akasema, sauti imekauka, "waite wanawake. Mimi nakaa matanga ya dada yangu. Na chakula cha wageni kitiwe chumvi, wao hawana kosa lolote. Changu nitakitenga mwenyewe."

Mjomba alisimama mlangoni na jembe begani, hajui aliweke wapi. Mwishowe aliliegemeza ukutani, akaenda kwa jirani kuomba chumvi.