Maua ya sumu mu shingo ya farasi

Bandugu, leo shemeji yangu Ilunga alililia farasi yenye ilikuwa nzima kabisa.

Ilunga anachungaka farasi ya kapiteni moja, muzungu. Leo ilikuwa defile, gwaride ya Katanga, inchi yetu mupya.

Sasa, bamama ba mutaa yetu ya Makomeno banajua kitu moja: mugeni hapite bila maua mu shingo. Farasi pia, si ni mugeni?

Bakaifungia mukufu ya maua ya laurier-rose. Muzuri! Siye bote makofi.

Kapiteni akafika. Akaona nusu ya mukufu haiko tena.

"Ilikula laurier-rose? Ile iko sumu! Ikikufa, Ilunga, utalala mu boloko, mu gereza!"

(Na siye tunaipandaka ku mulango ya kila nyumba.)

Pale pale farasi ikalala chini, miguu juu.

Ilunga akapiga magoti: "Yee baba, unaniacha na nani?"

Bamama bakaanza kilio ya kweli. Fanfari, yenye haikuelewa kitu, ikapiga wimbo ya inchi.

Njo bibi ya Ilunga anatoka katikati ya bantu, nusu ya mukufu iko ku kichwa yake.

"Munatafuta hii? Nilikata. Farasi inajiangaliaka mu kioo gani?"

Kumbe farasi ilikuwa inajikuna tu mu mavumbi! Ikasimama, ikajikung'uta, kapiteni akakuwa mwekundu sawa udongo ya barabara yetu.

Ilunga, kwa furaha, akaibusu ku pua mbele ya bantu bote.

Bibi yake akamuangalia: "Na mi?"

Bandugu, munisaidie. Mungekuwa Ilunga, mungejibu nini?