Kanuni ya Saba ya Matroni Restuta

Hosteli ya wasichana ya chuo kile cha Mpemba, karibu na Tunduma, ina vyumba ishirini na vinne, na kwa miaka sita hapakuwa na mlango uliofungwa mle Restuta asijue nani yuko ndani. Chuo chenyewe si kikubwa. Kinafundisha uuguzi, na kiko hatua chache kutoka barabara kuu, ambako malori ya kwenda Zambia hupanga foleni ndefu hadi madereva wakashuka kufua nguo zao na kuzianika kwenye vioo. Wasichana walitoka kila upande: Mbozi, Ileje, Momba, na wengine Tunduma mjini penyewe. Hao wa mjini, waliokua wakisikia Kibemba sokoni, walimwita "bamayo", kama Wazambia wanavyowaita kina mama.

"Mimi ni Matroni Halinga," aliwaambia wapya kila mwaka. "Bamayo nenda kamtafute ng'ambo ya mpaka, Nakonde, anauza unga."

Walicheka, na kesho yake walimwita bamayo vilevile.

Alizaliwa milimani Ileje, akawa miongoni mwa wasichana wa kwanza wa kata yao kufika kidato cha sita. Alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka ishirini na tisa, akastaafu kwa hiari, ndipo chuo kikamwomba aje kuwalea wasichana. Umeme ukikatika alipiga pasi gauni lake kwa mkaa. Hakuna aliyewahi kumwona na kola iliyojikunja. Alikuwa ameolewa Mbozi, na Mwalimu Yesaya Halinga, mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, ambaye watu walimpelekea migogoro ya mipaka ya mashamba kabla ya kumwendea mwenyekiti wa kijiji. Walimwamini tangu siku aliyoamua shauri dhidi ya kaka yake wa tumbo moja na kumwambia ang'oe miche ya kahawa aliyoipanda kwa jirani. Yesaya alipofariki alimwachia Restuta ekari mbili za kahawa, binti mmoja, na jina hilo. Kahawa ikinyauka hupandwa nyingine. Jina alililinda kama mtu anavyobeba yai mkononi katika njia yenye utelezi.

Kanuni zilitokana na vurugu. Mwaka ule wa kwanza viongozi wa umoja wa wakazi wa hosteli walichaguliwa kwa wapiga kura kujipanga mstari nyuma ya mgombea, pale uwanjani, kweupe. Aliyeshindwa alijua rafiki gani hakusimama nyuma yake. Muhula mzima watu hawakusalimiana, na ndoo za maji za wengine zilikutwa zimemwagwa. Juu ya hayo, mgombea mmoja alikuwa amepitisha katoni za biskuti kutoka Nakonde, chumba kwa chumba. Mwalimu Watson, mshauri wa wanafunzi, mtu mnene mwenye utani mwingi, alimwita Restuta ofisini kwake.

"Mama, wewe ni mtu wa kalamu. Tuandikie kanuni, tupumzike."

Aliandika kumi na mbili, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kura ipigwe kwa siri. Sanduku lioneshwe likiwa tupu mbele ya mawakala. Kila mgombea awe na wadhamini kumi kutoka vyumba tofauti. Ya saba ndiyo aliyoipenda kuliko zote, akaipigia mstari: tangu siku ya kuchukua fomu hadi matokeo yatangazwe, mgombea asigawe chakula, kinywaji wala kitu chochote kwa mpiga kura, na atakayefanya hivyo ataenguliwa. Zilichapwa, zikabandikwa mlangoni pa bwalo, na kwa chaguzi mbili hapakuwa na malalamiko. Restuta akawekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi.

Katika uchaguzi wa tatu chini ya kanuni hizo, binti yake alikuwa mwaka wa pili chuoni hapo. Tusekile alikuwa mtoto wa maneno machache, na tangu msiba wa baba yake maneno hayo nayo yalipungua. Hakuomba kitu, hakukataa kitu. Basi Restuta alipoona jina lake kwenye orodha ya waliochukua fomu za uenyekiti, alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Umechukua fomu usiniambie?"

"Ningekuambia ungenishauri nisichukue."

"Na uongozi unautakia nini?"

"Wanaotoka mazoezini hospitali wanarudi saa mbili, mama. Wanakuta masufuria yamekwanguliwa. Wanalala na chai. Nataka wawekewe chakula, basi."

Restuta hakuwa amemsikia akitumia maneno mengi hivyo kwa miaka miwili. Moyo ulimjaa. Alitamani kumshika mkono, lakini walikuwa ukumbini na watu walikuwa wakipita, kwa hiyo alimwambia tu anyooshe kola.

Mwalimu Watson alimdokeza ajitoe katika kamati kwa safari ile. "Ukae pembeni kidogo, mama. Mtoto wako yumo."

"Unadhani nitampendelea?"

"Mimi? La hasha. Lakini midomo ya watu..."

"Midomo ya watu itaona," alisema Restuta, na Watson, aliyemheshimu sana, hakuendelea.

Fomu zilichukuliwa Ijumaa. Jumamosi Restuta alikwenda nyumbani Mbozi kuangalia kahawa, akarudi Jumapili na kiroba cha maparachichi yaliyoiva vizuri. Huko kwao mtu hatoki nyumbani akaingia chumba cha watu wanne mikono mitupu. Kila alipokwenda alirudi na kitu, ndizi au karanga au mahindi ya kuchemsha, na kila mara alikikabidhi kwa maneno yaleyale. Alimwita binti yake, akamkabidhi kiroba.

"Peleka chumbani, mle na wenzako. Na wa chumba cha jirani uwape, msijifungie kama wachoyo."

Tusekile alisita kidogo. "Mama, wiki hii..."

"Wiki hii yataoza. Nenda."

Akaenda. Miaka kumi na tisa alikuwa amefundishwa kwamba mama akisema nenda, mtu anakwenda.

Pingamizi lilikuja Jumanne asubuhi, limeandikwa ukurasa mzima, na kuambatanishwa na kokwa la parachichi lililofungwa kwa karatasi ya daftari. Lililetwa na Gwalugano, wakala wa Aida. Huyo Aida ndiye mgombea wa pili, binti wa Tunduma mjini, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita abiria. Na ilikuwa bahati mbaya kwamba Aida na Tusekile walilala chumba kimoja.

Kamati ilikaa alasiri, katika ofisi ya Mwalimu Watson. Restuta alikaa kiti cha mwenyekiti. Agnes, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa katibu. Wagombea wawili walisimama mbele ya meza, na Gwalugano akaweka kokwa lake juu ya faili.

"Kielelezo namba moja," alisema.

"Lisije likaota hapo," alisema Watson. "Haya, jamani. Parachichi! Gwalugano, wewe ulipewa?"

"Nilipewa, mwalimu, nikakataa."

"Muongo huyu," Agnes alinong'ona bila kuinua kalamu. "Alikula na chumvi."

"Na wewe, Aida?"

Aida alitazama dari. "Nilikula mawili, mwalimu. Ila nilikula kabla sijajua kama ni kampeni."

Hata Restuta nusura acheke. Watson alicheka hadi akajifuta macho, kisha akageukia upande wa pili.

"Tusekile, mwanangu. Ni kweli uligawa?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Uliyatoa wapi?"

"Nyumbani."

"Aliyekuletea nani?"

Hapo Tusekile alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mkubwa aliyeshika ufunguo wakati wote wawili wamesimama mlangoni. Restuta aliona, akaelewa. Neno lilikuwa fupi: ni mimi. Nyuma yake yakaja mengine. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyepeleka chakula kwa wapiga kura. Mke wa Mwalimu Halinga amembebea mwanawe kampeni kwenye kiroba. Aliyasikia tayari yakisemwa bwaloni, yakipanda hadi Mbozi, yakifika kanisani. Akainamisha macho kwenye kanuni zake kana kwamba anatafuta mstari.

Tusekile akarudisha macho kwa Watson.

"Niliyagawa mimi, mwalimu. Basi."

"Mimi naona apewe onyo," Watson alisema. "Ni matunda. Mila yetu wote hiyo. Mwenyekiti?"

"Kanuni haisemi onyo," alisema Restuta. Sauti yake ilitoka imara, ya darasani, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Inasema ataenguliwa. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine tungefanya hivyo, na huyu tutamfanyia hivyohivyo."

"Mama, hebu..."

"Agnes, andika."

Agnes aliandika. Aida, aliyepata alichokitaka, hakuonekana kukifurahia. Alimgusa Tusekile begani, na Tusekile akatoka bila kuubamiza mlango.

Habari zilienea kabla ya chakula cha jioni. Wasichana walisema matroni ametisha, hata mtoto wake hakumwacha. Mpishi alimpa mkono. Mkuu wa chuo alimsifu kwenye kikao cha watumishi. Kwa siku mbili tatu Restuta alitembea na sifa hizo kama mtu aliyevaa viatu vizuri vinavyombana.

Jumamosi iliyofuata walikwenda nyumbani pamoja. Walichuma kahawa asubuhi nzima, kila mmoja mstari wake. Walipokaa kupumzika, Restuta akaanza.

"Najua umeumia. Nilifanya kwa ajili ya jina la baba yako."

"Nimeelewa, mama."

"Huna neno?"

Tusekile aliendelea kutoa majani kwenye kikapu, moja moja.

"Kuondolewa hakuniumi. Kanuni ni kanuni. Nilikuwa nangoja useme kwamba ulileta wewe. Halafu wanitoe. Hata hivyo ningetoka nimefurahi."

"Ningesemaje mbele ya wale watoto? Wangesema..."

"Wangesema ulileta wewe," alisema Tusekile. "Na ni kweli."

Kisha, taratibu, bila ukali wowote, akasema jambo ambalo Restuta hajaacha kulisikia: "Baba angesema."

Restuta angeweza kwenda kwa Watson Jumatatu. Uchaguzi ulikuwa bado siku tatu. Alilifikiria njia nzima ya kurudi, akapanga hata maneno ya kuanzia. Lakini Jumatatu Watson alikuwa safarini Vwawa, Jumanne karatasi za kura zilikuwa zimeshachapwa na jina moja tu, na Jumatano alijiambia kwamba kulifufua jambo sasa ni kumvuruga mtoto. Alhamisi Aida alipigiwa kura za ndiyo na hapana, akapata za ndiyo nyingi. Si haki kumsema vibaya: alikuwa kiongozi mzuri, alileta taa za ukumbini na zamu za maji. Waliotoka mazoezini waliendelea kulala na chai.

Tusekile hakugombana na mama yake. Aliamkia, alifua, alisaidia shambani kila likizo, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Kile alichokifungua siku ile ya fomu, alipoyasema yale ya masufuria, alikifunga. Restuta akiuliza habari za masomo aliambiwa nzuri. Akiuliza habari za marafiki, nzuri. Alikuwa na binti mwenye adabu, kila mtu alimpongeza kwa malezi hayo, na hakujua binti huyo anawaza nini.

Tusekile alimaliza chuo, akaenda kujitolea katika zahanati huko Ivuna, kwenye joto na chumvi, mbali na milima yote aliyoizoea.

Mwaka huo kanuni zilifika wakati wa kupitiwa upya. Mkutano wa wakazi wote ulifanyika bwaloni, wasichana karibu mia moja. Restuta alisimama na karatasi, akasoma hadi ya saba, akaiweka karatasi mezani.

"Kanuni hii iliwahi kumwengua mgombea aliyegawa maparachichi," alisema. "Maparachichi yale niliyaleta mimi. Mimi ndiye niliyemwambia ayagawe, na niliketi kwenye kiti cha mwenyekiti nikanyamaza. Msichana yule hakuvunja kanuni kwa kutaka kura. Alimtii mama yake. Kosa lilikuwa langu."

Alitegemea minong'ono, vicheko, pengine aibu ile aliyoiogopa miaka miwili. Wasichana wachache walipiga makofi kwa adabu. Wa mbele waliuliza kama wadhamini watabaki kumi au watapunguzwa. Wengine walikuwa kwenye simu zao. Mwalimu Watson peke yake ndiye aliyekuwa ameinama, akiutazama mkono wake.

Jioni alimpigia Tusekile, akamweleza yote, neno kwa neno. Upande wa pili ulisikika mtoto akilia na mtu akiburuta benchi.

"Umewaambia kina nani, mama?"

"Wote. Mbele ya mkutano."

"Walikuwepo wangapi wa wakati ule?"

Restuta alipitisha nyuso akilini, benchi kwa benchi. Aida alikuwa Tunduma, Gwalugano alikuwa Isongole, Agnes hakujua alipo. Darasa lote lilikwishaondoka.

"Mwalimu Watson," alisema.

Benchi liliburutwa tena upande wa pili.

"Asante kwa kusema, mama," alisema hatimaye, na alisema kweli. Mama alimjua kiasi hicho. Kisha akaomba radhi, kuna mgonjwa ameletwa, akakata simu.