Mwalimu Aliyeoa Mara Mbili Kitabuni

Wateja walimpachika kinyozi wao jina la Profesa, kwa sababu shule aliiacha darasa la sita lakini kufundisha watu hajaacha mpaka leo. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kimoja cha kunyolea na kingine cha kungojea, na kioo kikubwa kilichopasuka pembeni. Juu ya kioo palikuwa na rafu iliyobeba redio na vitabu kumi na tisa, vyote vimesomwa, vyote vina nywele za watu ndani. Kabla ya kusoma ukurasa wowote ilibidi kwanza upulize.

Hukumu zake zilijulikana mtaa mzima. Riwaya za mapenzi alizivumilia ikiwa tu wapendanao wana kazi. Hawezi, alisema, kumhurumia mtu anayelia kurasa mia mbili na haijulikani anakula nini. Kitabu cha kufundisha watu kutajirika alikisoma hadi mwisho, akakisukuma chini ya mguu mfupi wa kiti cha kunyolea, na akakiri kwamba kweli kinainua watu. Upande wa muziki ndio usiseme. Alipenda nyimbo za zamani, zile ambazo gitaa linaongea weee mpaka unasahau kuwa kuna mwimbaji, kisha mwimbaji anaingia taratibu kama mgeni mwenye adabu. Hizi za siku hizi, mwimbaji anajitaja jina mara nane kabla hajaeleza ana shida gani, alizizima bila kuuliza. Ila iliyomuuma kuliko zote ni bendi ya ujana wake, iliporudi na nyimbo mpya baada ya miaka mingi. Alifunga mlango asikilize kwa heshima, na saa moja baadaye akafungua akiwa na uso wa mtu anayetoka mazikoni. Wanaume wazima, alilalamika, wanaimba kama wanasoma orodha ya vifaa vya stoo.

Sasa mtu wa namna hiyo, shemeji yake akaandika kitabu.

Shemeji mwenyewe, mume wa dada yake, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wote walimwita Mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka thelathini na ushei, alikuja kunyolewa, wakabishana kuhusu vitabu na nyimbo mpaka nywele zinakaribia kuota tena. Kitabu kilikuwa habari za maisha yake, na jaladani amevaa suti, amekunja uso. Profesa alikipokea kwa mikono miwili, akakimaliza kwa siku mbili. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa anatafuta jambo moja tu.

Zamani hizo, Mwalimu akiwa kijana aliyeoa juzijuzi na ana mtoto mmoja, alianguka na pikipiki akavunjika paja. Wiki sita alilala hospitali mguu umening'inizwa, na wiki zote sita Profesa alifunga kibanda kila alasiri akaenda kumnyoa ndevu na kumsomea vitabu. Hajawahi kujiona mtu wa maana kama siku zile. Basi akazitafuta kitabuni mstari kwa mstari, na hazimo. Hata yeye mwenyewe hamo. Badala yake, katikati ya kitabu, Mwalimu akaanza kumposa upya mke aliyekwisha kumwoa, kwa maneno yaleyale na shati lilelile, na mtoto wa kwanza akazaliwa tena. Hata namba za kurasa zilirudi nyuma. Profesa akadhani ndio ufundi wa waandishi wa kisasa.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu akaketi na taulo shingoni, akauliza kitabu amekionaje. Kibanda kilikuwa kimejaa. Profesa angeweza kusema kwamba moyo wake umeumia, lakini hilo halikuwa na kicheko ndani yake.

"Shemeji, kinasinzisha," alisema. "Halafu umejirudia. Dada yangu umemwoa mara mbili, na mara zote mbili hukunialika."

Watu walivunjika mbavu. Mwalimu alisubiri amalizwe upande uliobaki, akaaga kwa adabu ile ya kuogofya, akaondoka. Hakurudi kwa miaka miwili. Alipopita ng'ambo ya barabara, Profesa alikitazama kisogo chake kilivyochongwa vibaya na kinyozi mwingine, akaumia kama shemeji, kisha akaumia kama fundi. Dada yake alipojaribu kuwapatanisha, Profesa alijibu kwamba ukweli haubembelezwi. Hakumwambia kwamba kilichomkaa rohoni ni kuachwa nje ya maisha ya mtu aliyedhani ni rafiki yake.

Kisha asubuhi moja Mwalimu akaingia, bahasha kwapani, akakaa kwenye kiti cha kunyolea bila kukaribishwa. Mteja mmoja tu alikuwa anangoja, mzee mwenye kofia ya sufu.

Mwalimu alieleza akiwa anatazama kioo, si mtu. Shule ya wasichana ilimwalika awasomee sura ya hospitali. Akasimama mbele ya wanafunzi mia tatu, akafungua ukurasa, akajikuta anaoa. Akaruka mbele, bado anaoa. Akaruka tena, mtoto ana meno. Ndipo alipojua kwamba huko kilikochapwa, fungu moja la kurasa kumi na sita lilishonwa mara mbili, na fungu lililofuata likaachwa nje, katika nakala zote. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita ile picha ya jaladani, maana habari zenyewe anazijua.

"Watu wamenisifia miaka miwili," alisema. "Mkaguzi wa zamani aliniambia kimemliza. Hakuna aliyesema nimeoa mara mbili isipokuwa wewe. Wewe peke yako ndiye uliyekisoma, shemeji, na wewe ndiye niliyekununia."

Profesa alishika wembe akaanza kuupangusa, ingawa ulikuwa safi.

"Hizo kurasa zilizoachwa," akasema, "zina nini?"

Mwalimu akachomoa karatasi zilizopigwa taipu. "Kumi na moja ni wewe."

Profesa akasema macho yake leo yana vumbi la nywele, basi asomewe. Akaegemea ukuta. Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani, na yote yakapita pale kibandani: ndevu za alasiri, redio ndogo iliyofichwa chini ya mto nesi asiione, na riwaya ya upelelezi. Riwaya ilipotajwa, Profesa akaanza kukohoa. Ile riwaya ilikuwa imechanika mwishoni, kurasa hazipo, na siku ile, macho yameganda kwenye karatasi tupu ya nyuma, alijitungia mwisho wake, akamtia hatiani mwuza dawa. Miaka yote aliamini hakuna ajuaye.

Mwalimu akaendelea: "Shemeji hakujua kwamba kitabu kile nilikwisha kukisoma chuoni. Mwisho wa mwandishi ulinivunja moyo. Wa shemeji ulinisahaulisha mguu, nami nikamwacha aendelee."

Profesa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na wa kwangu ndio bora."

"Kwa mbali."

Profesa akamgeukia mzee wa kofia ili shahidi asije akasema hakusikia. Kisha akamfunga shemeji yake taulo, akainamisha kile kichwa, akaguna alipoona kazi ya mwenzake. Akatoa hukumu: kurasa hizo ndizo bora alizosikia mwaka huu, ila pana uongo mmoja, pale panaposema yeye Profesa alilia siku Mwalimu alipokatwa plasta ya mguuni. Hapo pafutwe. Mwalimu akasema hafuti hata nukta, kwa sababu yeye alikuwepo na shati lake lililowa. Profesa akadai lile lilikuwa jasho. Wakabishana kuhusu chozi hilo, sauti zikapanda, mpaka yule mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini, akauliza kwa upole ni nani kati yao aliye kinyozi.